Kilichomo Sahanini

Kazi aliyoijua Olais ole Sakaya kuliko mtu yeyote hotelini ilikuwa kumwambia mgeni kilichomo katika sahani yake. Kubeba sahani nne kwa mkono mmoja aliweza, na kufungua chupa ya divai bila kuitikisa aliweza, lakini hayo hata wenzake waliyaweza. Yeye alisimama kando ya meza, koti jeupe limenyooka kwa pasi, mikono nyuma, akaeleza polepole: hizi ni tambi za mayai, mchuzi wake ni nyanya na nyama ya ndama, juu yake jibini, hii ina uyoga, hii ina lozi, bibi, kama lozi zinakudhuru usiiguse. Alieleza kwa Kiingereza, na kwa Kiitaliano cha kuungaunga ambacho wageni walikipenda kuliko chakula chenyewe.

Adabu hiyo alifundishwa na Muitaliano aliyekuja mwaka wa themanini kuufungua ukumbi wa chakula cha kwao, ambaye wafanyakazi wote walimwita Sinyori. "Mgeni akikuuliza kuna nini ndani," Sinyori alimwambia, "usikisie na usidanganye. Mtu anayekula mkononi mwako amekukabidhi tumbo lake." Neno hilo lilimkaa Olais moyoni. Lilikuwa neno ambalo hata baba yake angeweza kulisema.

Hoteli yenyewe ilikaa ukingoni kabisa mwa kreta ya Ngorongoro, na ukumbi wa Kiitaliano ulikuwa na dirisha la kioo kutoka ukuta hadi ukuta. Huko nje nchi nzima ilikuwa ikipanga foleni ya sukari na sabuni. Karatu watu walikuwa wakifulia majani, wakinywa chai ya rangi isiyo na kitu. Mle ukumbini vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe kila siku ya Mungu, bilauri zilisimama tatu tatu mbele ya kila mtu, na mkate ulifika kabla hujauomba. Olais alizunguka humo saa kumi kwa siku, na kila alipogeuka aliona chini kabisa, mbali, mahali alipozaliwa.

Maana alizaliwa mle ndani ya kreta, kule wageni walikoelekeza darubini zao kutafuta faru. Baba yake, Sakaya, wa rika la Nyangusi, alikuwa na boma si mbali na msitu wa migunga ya njano. Serikali ilipotaka kila boma litoe mtoto wa shule, akina baba wengine waliwaficha watoto wao porini, au wakatoa yule aliyekuwa mzito wa akili, asiyeweza hata kurudisha ndama. Sakaya alimtoa Olais, mtoto aliyempenda kuliko wote. Wenzake wakamcheka. Akawaambia, "Watu wa karatasi wameshafika, na hawaondoki. Mimi sijui kusoma. Nataka jicho langu mwenyewe ndani ya nyumba yao."

Ndivyo alivyomwita tangu siku ile: jicho langu. Mwaka sabini na nne ilipotoka amri ya kuhama kreta, jicho lile ndilo lililosoma karatasi mbele ya wazee, neno kwa neno, bila kupunguza ubaya wake. Wazee walilia kwa hasira lakini walimshukuru Olais, kwa kuwa hakuwavika kilemba cha ukoka kama mkalimani aliyetangulia. Walipanda na mifugo yao hadi kwenye mteremko wa nje, kwenye chemchemi waliyoiita Enkare Sidai, yaani maji mazuri, wakaanza upya. Olais akapata kazi hotelini, mwendo wa saa moja kutoka bomani. Siku aliyoanza, baba yake alimtemea mate kifuani kumbariki, akamwambia asisahau ni jicho la nani.

Sasa tufike kwenye lile jambo, maana hatuwezi kulizunguka siku zote.

Mwaka themanini na tatu maji ya hoteli hayakutosha tena. Wageni walitaka kuoga asubuhi na jioni, kama samaki. Meneja aliyekuwapo, Inosenti, kijana wa mjini mwenye suti ya kijivu na maneno laini, aliitamani Enkare Sidai. Mara tatu aliteremka bomani na gari, mara tatu wazee walimpa kigoda, wakamsikiliza mpaka akamaliza, wakamwambia hapana. Aliyesema hapana kwa niaba ya wenzake alikuwa Sakaya.

Siku moja Inosenti akamwita Olais ofisini. Nyuma ya mlango lilitundikwa koti jipya, jeupe, lenye vifungo vya dhahabu. Lilikuwa koti la mkuu wa ukumbi, nafasi iliyokuwa wazi tangu mkuu wa kwanza arudi kwao Moshi.

"Wazee tutawaalika wale chakula cha mchana," Inosenti alisema. "Ukumbini kwenyewe, dirishani, kama mabalozi. Mtu akishakula kwako ni vigumu kukukatalia usoni. Hata kwenu si ndivyo?"

"Ndivyo, bwana meneja."

"Sinyori mwenyewe atawapikia lasanya. Ameniuliza Wamasai wanakula nini, nikamwambia nyama na maziwa. Amefurahi sana, anasema hicho ndicho chakula chenye vyote viwili."

Lasanya Olais aliijua tabaka kwa tabaka: tambi pana, nyama ya kusaga, mchuzi mweupe wa maziwa na unga, halafu tambi tena, na juu jibini. Na hakuna mtoto wa Kimasai asiyejua kwamba nyama na maziwa haviingii tumboni siku moja. Siku ya nyama ni ya nyama, siku ya maziwa ni ya maziwa. Anayevichanganya anamtukana ng'ombe anayemlisha, na kiwele cha ng'ombe huyo huvimba.

"Bwana meneja, ni kweli tunakula nyama na tunakunywa maziwa. Lakini si pamoja. Wakijua yamo hawataigusa. Watainuka."

Kosa lilikuwa la Inosenti, na kumrudia Sinyori kumwambia kwamba yeye, mwananchi, hajui majirani zake wanakula nini, hilo hakuwa tayari kulifanya. "Maziwa yakishaiva na unga si maziwa tena," alisema. "Ni mchuzi. Wewe ndiye utakayewaeleza. Eleza vizuri."

"Sinyori alinifundisha nisimdanganye mgeni."

"Alikuwa anazungumzia wageni, Olais."

"Na hawa ni nani?"

Meneja alinyoosha mkono akakung'uta vumbi ambalo halikuwapo kwenye bega la lile koti. Na Olais, badala ya kutoka mle ofisini akaenda moja kwa moja jikoni kumwambia mpishi aandae sinia la wazee bila maziwa, alilitazama koti. Nisimpambe. Mpishi Qamara, Mwiraqw wa Rhotia, alikuwa rafiki yake, na angemsikiliza. Olais hakwenda. Alijiambia labda baba hatauliza.

Wazee watano walifika Jumamosi saa sita, miguu ina vumbi, shuka za rubega zimefuliwa, zinanukia moshi. Askari wa mlangoni alitaka waache fimbo zao. Sakaya alimtazama tu, na askari akakumbuka kwamba alikuwa na kazi mahali pengine. Waliketi kwenye viti vyenye mito myekundu. Inosenti akawaamkia mmoja mmoja, shikamoo mzee wangu, shikamoo mzee wangu, akawanyooshea mkono dirishani, akasema, "Mnaona mandhari yalivyo mazuri, wazee?"

"Tunaona," mmoja alijibu kupitia kwa Olais. "Pale kwenye migunga ndipo nilipotahiriwa."

Inosenti alicheka kwa kuwa hakujua la kufanya.

Sinyori aliwaletea sinia kwa mikono yake mwenyewe, uso mwekundu kwa furaha. Mzee wa watu hakuwa na ubaya wowote. Tangu alfajiri alikuwa jikoni akitandaza unga, na alitaka kwa moyo wake wote chakula chake kiwapendeze. Aliwakatia vipande, mvuke ukapanda, akarudi nyuma hatua mbili akingoja.

Hakuna aliyegusa. Walimngoja Sakaya. Yeye aliinamia sahani yake, akakisogeza kile cheupe kwa ncha ya kidole.

"Olais," aliita kwa Kimasai. "Hiki cheupe ni nini?"

Olais alikuwa amesimama pale pale aliposimama maelfu ya mara, kando ya meza, mikono nyuma. Mwisho wa meza Inosenti alikuwa akimtazama kama mtu anayetazama mzani.

"Ni unga, baba. Unga wa ngano, wa mashamba ya Mbulumbulu."

"Mna maziwa humu?"

Swali lilikuwa moja, fupi, la baba kwa mwanawe. Alikuwa ameulizwa swali la namna hiyo na Wajerumani, Wafaransa, Wamarekani, mpaka na mama mmoja aliyebeba paka kwenye kikapu, na wote aliwajibu kweli.

"Hamna, baba."

Sakaya aliinua kichwa akamtazama, si kwa shaka, bali kama mtu anayehakikisha amesikia. Kisha akawageukia wenzake. "Mwanangu anasema hamna," alisema, akachukua kipande kwa vidole, akala. Wote wakala. Walikuwa na njaa, na mzee wa mwisho kabisa aliramba vidole akasema Wazungu hawa si wajinga kama wanavyoonekana. Wakacheka. Olais akacheka pia.

Walipofuta mikono, Inosenti akatoa karatasi na kidau cha wino. Hoteli itachukua nusu ya maji, na itajenga birika la saruji la kunyweshea mifugo. Sakaya alimpa Olais aisome. Aliisoma, na safari hii alisoma kweli tupu, neno kwa neno, labda kwa kutaka kujisafisha. Karatasi ilisema nusu. Haikusema nani atapima hiyo nusu. Wazee walishauriana kwa muda mrefu. Mwisho Sakaya akasema, "Tumekula chakula cha watu hawa, na jicho letu limo humu ndani," akabonyeza dole gumba. Wenzake wakafuata. Inosenti akaikunja karatasi upesi, akaitia ndani ya koti.

Ingekuwa imeishia hapo, Olais angezeeka na siri yake na labda angeisahau. Lakini Sinyori alifurahi mno. Alikwenda jikoni akamvuta Qamara kwa mkono, kofia ndefu kichwani, ili wazee wamwone mtu wa nchi yao aliyeweza kupika hivi. Akamwambia awaeleze. Na Qamara, ambaye hakuwa na hili wala lile, alisimama kifua mbele akaeleza kwa Kiswahili, ngano ilitoka shambani kwa shemeji yake, nyama ilitoka Karatu mnadani.

"Na maziwa, wazee wangu, lita sita, hayakutoka mbali. Ni ya mkwe wenu mwenyewe, Nareyu, mke wa Olais, anayotuletea kila asubuhi mlango wa nyuma. Nimeyachemsha taratibu na unga mpaka yakawa mazito hivyo mlivyoona."

Wakamgeukia Olais awatafsirie. Alifungua kinywa, akatafsiri ngano, akatafsiri nyama, akanyamaza.

Lakini Sakaya alikuwa ameuza ng'ombe Karatu miaka thelathini. Kiswahili cha shule hakukijua, ila nyama, maziwa, ng'ombe, na jina la mke wa mwanawe aliyajua. Ng'ombe aliokuwa akiwakamua Nareyu ni yeye aliyempa, siku alipoingia bomani kama bibi harusi. Alikuwa amekula nyama na maziwa pamoja, na maziwa yenyewe ni ya ng'ombe zake, aliyomeza kwa neno la mtoto wake.

Hakupiga kelele. Alichukua kile kitambaa cheupe cha mezani, akafuta mkono, kidole kimoja kimoja, akakiweka juu ya sahani. Akasimama.

"Nilikuuliza," alisema.

Wakatoka wote watano. Sinyori alibaki akigeuka huku na huku, akiuliza, "Hawakupenda? Olais, hawakupenda?" Na Qamara alimtazama rafiki yake, akaelewa, akavua ile kofia.

Jioni Olais alipofika bomani, Nareyu alimngojea nje ya uzio. "Baba amekunywa dawa ya magome," alisema. "Ametapika mpaka nyongo. Anauliza kama maziwa ya kesho nitayapeleka huko tena. Nimwambie nini?" Hakungoja jibu. "Mimi nilikuwa nawauzia maziwa. Wewe umewauzia nini?"

Tangu siku hiyo Nareyu hakupeleka tena maziwa hotelini. Olais alilivaa koti la vifungo vya dhahabu mwanzo wa mwezi uliofuata, na lilimkaa vizuri, kwa aibu yake.

Bomba lilifika, na birika lilijengwa. Msimu mmoja lilijaa maji, na watu wakaanza kusema labda si vibaya. Kisha mwaka themanini na nne mvua zikakataa. Chemchemi ilipopungua, watu wa hoteli waliweka uzio na kufuli, wakasema nusu ya kidogo haiwatoshi wageni, na kwenye birika kukabaki tope lililopasuka. Ng'ombe wakaanza kuanguka. Aliyetangulia alikuwa yule mweusi wa Nareyu, kiwele kimevimba, kigumu kama jiwe. Ng'ombe wote wakati wa ukame hupata magonjwa ya namna hiyo, daktari wa mifugo alisema, maji machafu na malisho mabaya. Sakaya alisema ni ile sahani. Watu walibishana bomani nani ana haki, ukame au mwiko. Olais hakubishana. Kama angejibu ndiyo siku ile, wazee wangeinuka na karatasi isingetiwa dole. Lolote litakalokuwa na haki, bomba au sahani, njia zote mbili zilipita kinywani mwake.

Alijaribu kutengeneza. Alikwenda ofisini mara nne kuomba kufuli lifunguliwe saa mbili tu kwa siku, na mara ya nne Inosenti alimuuliza kama amechoka na koti. Hakuwa amechoka. Sema alikuwa na watoto watatu, sema aliogopa. Yote yawe kweli, lakini alirudi ukumbini akawasha mishumaa ya mezani. Nyumbani hakufukuzwa. Sakaya alimwitikia salamu, alizungumza naye habari za mvua. Jambo moja tu alilibadilisha: hakula tena kitu chochote kilichopitia mkononi mwa Olais, na hakumwita tena jicho.

Mwaka themanini na tano mzee aliugua. Homa ilimlaza juu ya ngozi siku sita, midomo ikakauka ikapasuka. Maji ya bomani wakati huo yalichotwa kwenye madimbwi, mekundu, ya kuchujwa kwa kitambaa. Olais aliomba ruhusa, alfajiri akajaza dumu kwenye bomba la jikoni kwa Qamara, akalibeba begani saa nzima. Yalikuwa maji safi, baridi, ya Enkare Sidai yenyewe, maji aliyokunywa baba yake kabla hoteli haijajua yako wapi. Alimimina kwenye kikombe, akapiga magoti kando ya ngozi, akakisogeza.

Sakaya alifungua macho. Alikitazama kikombe, kisha akamtazama Nareyu aliyeketi upande wa pili, kana kwamba mwanawe hayumo mle ndani.

"Mwulize," alisema kwa sauti iliyokuwa karibu kuisha, "mna nini humo."

Nareyu aliinamisha uso. "Baba anauliza mna nini."

"Maji," Olais alisema. "Ni maji, baba. Ni maji matupu."

Mzee alikitazama tena kikombe, kana kwamba analipima jibu. Kisha akageuza uso ukutani. Nareyu alitoka, akarudi na kibuyu cha yale maji mekundu, akamwinua kichwa, na Sakaya akanywa kwa pupa, mpaka mengine yakamtiririka kidevuni.

Olais alikaa na kikombe mkononi mpaka jua lilipopanda. Baadaye alikiweka chini, akapangusa vumbi magotini, akatembea kurudi hotelini, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na wageni arobaini kutoka Milano. Saa sita na nusu alisimama kando ya meza ya dirishani, vifungo vinang'aa, mikono nyuma. Bibi mmoja mzee aliinamia sahani yake, akakisogeza kile cheupe kwa uma, akamuuliza ndani mna nini.

Olais alimweleza, tabaka kwa tabaka. Bibi akamshukuru, akala, hakuuliza mara ya pili.